UZI: Kutafuta na kuandika upya BIOS ya laptopu ya zamani bila kuiua kabisa

#1 pini_ya_kwanza (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara naona ombi lilelile: "Natafuta BIOS ya laptopu fulani, mwenye nayo anirushie." Anarushiwa, anaiandika, mashine inabaki giza vilevile au inawaka na balaa jipya. Ukimuuliza BIOS yake ya asili iko wapi, jibu ni kwamba aliifuta kwanza ndipo akaandika.

Uzi huu ni wa laptopu za zamani, hasa za kati ya 2008 na 2014 hivi, zenye chipu ya miguu minane inayohifadhi BIOS, yaani programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Msimamo wangu nausema mapema ili anayepinga apinge tukiwa tumeelewana: sehemu kubwa ya BIOS unayoihangaikia mtandaoni imo ndani ya chipu yako mwenyewe, hata kama imeharibika. Kuandika ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kusoma.

Kwanza jiridhishe kwamba ni BIOS kweli. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi: hizo dalili zinaletwa pia na RAM iliyolegea, grafiki iliyochoka, skrini yenyewe au mkanda wake. Toa chaja na betri, chomoa na ile betri ndogo ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie nusu dakika. Rudisha umeme, jaribu RAM moja moja, badilisha na nafasi zake, chomeka skrini ya nje. HP nyingi za enzi hizo husema zenyewe: taa ya Caps Lock ikipepesa mara mbili mbili ni BIOS, tatu tatu ni RAM. Ushahidi mzito kuliko wote ni historia ya mashine. Kama umeme ulikatika BIOS ikiwa inasasishwa, au mtu alichoka kusubiri akazima kwa nguvu, hapo huna haja ya mganga.

Kabla ya kushika bisibisi, jaribu mlango wa dharura. Laptopu nyingi zina kipande kidogo cha BIOS ambacho kwa kawaida hakiguswi wakati wa kusasisha, na kazi yake ni kutafuta faili kwenye flashi ya USB pale sehemu iliyobaki inapokufa. Flashi iwe FAT32. Kwenye HP unashikilia Windows na B halafu unawasha, na kifurushi chao cha BIOS chenyewe kina sehemu ya kukutengenezea hiyo flashi kwenye kompyuta nyingine. BIOS za InsydeH2O, ambazo zimejaa kwenye Acer, mara nyingi hutumia Fn na Esc. AMI za zamani ni Ctrl na Home, na faili linaitwa AMIBOOT.ROM. Jina la faili likikosewa hata herufi moja mashine hailalamiki, inakaa kimya tu, na wewe unadhani njia haifanyi kazi. Wengi huishia hapa na kupona bila kufungua hata skrubu moja.

Imeshindikana? Fungua.

Usitafute BIOS kwa jina la kibandiko cha nje. Jina moja la biashara linaweza kubeba bodi kadhaa: moja ya Intel, nyingine ya AMD, moja yenye grafiki ya pembeni, nyingine haina. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye mazabodi yenyewe. Bodi zilizotengenezwa na Compal huandikwa LA, kistari, tarakimu nne na P. Za Quanta huanza na DA0, za Inventec na 6050A. Andika namba nzima pamoja na REV yake, yaani toleo la bodi. REV ndiyo watu huiruka, kisha wanashangaa kwa nini kibodi au feni haitii amri.

Sasa chipu. Tafuta kidude cha miguu minane, minne kila upande, chenye maandishi yanayoanza na 25 au yenye 25 katikati: W25Q64, MX25L6406, GD25. Namba inayofuata ni ukubwa kwa megabiti, gawa kwa 8 upate megabaiti. Kwa hiyo 32 ni MB 4, 64 ni MB 8, 128 ni MB 16. Ukiona 24 badala ya 25, hiyo ni kumbukumbu nyingine kabisa, achana nayo. Ukiona W25X10 au W25X20, hicho kidogo mara nyingi ni cha EC, yaani kidhibiti cha kibodi, feni na chaji. Mashine nyingine zina chipu mbili za BIOS zinazosomwa kama moja: ThinkPad X230 ina ya MB 8 na ya MB 4, jumla 12, wakati X220 ina moja tu ya MB 8. Mtu akikurushia faili la MB 12 na wewe una chipu moja ya 8, tayari unajua kuna kitu hakijakaa sawa.

Soma maandishi ya chipu hadi herufi ya mwisho. W25Q64FV ni ya volti 3.3. W25Q64FW ni ya volti 1.8. Kwa Macronix, MX25L ni 3.3 na MX25U ni 1.8. Piga picha kwa simu, kuza, pakua hati ya mtengenezaji, hakikisha. Kwenye mashine za zamani utakutana zaidi na 3.3, lakini "zaidi" siyo "zote".

Kifaa cha kusomea na kuandikia ambacho wengi wetu tunacho ni kile cheusi cha USB chenye chipu ya CH341A. Tuite programa. Kinafanya kazi, ila kina kasoro inayojulikana: mguu wa umeme unatoa 3.3 sawa, lakini nyaya za data zinapanda hadi volti 5 kwa sababu chipu ya CH341A yenyewe inalishwa 5 kutoka USB. Chipu nyingi za BIOS huvumilia. Ukisomea juu ya bodi, volti hizo 5 zinafika pia kwenye chipseti, ambayo haikuumbwa kwa ajili hiyo. Ama ilishe CH341A volti 3.3 (marekebisho yake yanafahamika, ni kuinua mguu mmoja na kuunga waya), ama pata toleo lenye swichi ya volti. Na usiniamini mimi wala tangazo la muuzaji: weka mita kwenye tundu la programa, pima mguu wa CS (wa kuchagua chipu) na wa CLK (wa mapigo ya saa).

Kabla ya kubana klipu: chaja nje, betri nje, CR2032 nje. Kitone kilichochorwa kwenye chipu ni mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu unakwenda hapo. Klipu ikigeuzwa, mguu wa 8 wa umeme unabadilishana na mguu wa 4 wa ardhi. Kwa hiyo ukishachomeka USB weka kidole juu ya chipu kwa sekunde mbili tatu. Ikipata joto, chomoa papo hapo.

Kitu cha kwanza kuuliza chipu ni jina lake. Winbond ya MB 8 hujibu EF 40 17, Macronix ya MB 8 ni C2 20 17. Ukipata FF FF FF au 00 00 00 klipu haijashika, rudia kubana. Usichague aina ya chipu kwa kubahatisha ili tu programu ikubali kuendelea. Kwa wanaotumia Linux, programu ya kusomea na kuandikia ni flashrom:

`flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin`

Ikikuonyesha majina kadhaa ya chipu, chagua linalolingana na maandishi kwa `-c`. Kisha chomoa klipu, bana upya, soma `nakala2.bin`. Rudia hivyo kwa ya tatu. Halafu:

`sha256sum nakala*.bin`

Mistari yote ifanane herufi kwa herufi. Kama haifanani bado hujasoma chochote, umekusanya makelele tu. Kuchomoa na kubana upya ndiyo siri, kwa sababu mguu mmoja uliogusa vibaya unaweza kukupa kosa lilelile kila mara na nakala zikafanana huku zote ni mbovu.

Kisha fungua nakala kwenye kihariri cha heksi, yaani programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Chipu ya MB 8 ikupe baiti 8388608 kamili, isiyopungua wala kuzidi. Isiwe FF mwanzo hadi mwisho. Kwa bodi nyingi za Intel za kipindi hiki, kwenye mstari wa 0x10 utakuta 5A A5 F0 0F. Hiyo ndiyo alama ya ramani ya chipu, inayosema kila sehemu ya chipu inaanzia wapi. AMD hazina ramani hiyo, msishtuke. Nenda na mwisho wa faili pia: prosesa ikiwaka amri yake ya kwanza inaisoma kwenye baiti 16 za mwisho, kwa hiyo mkia uliojaa FF peke yake ni habari mbaya. Mwisho lifungue kwa UEFITool, programu ya kuchambua mafaili ya BIOS, uone linakubali kupanga matawi yake.

Nakala hiyo weka sehemu mbili tofauti na usiiguse tena. Kila utakachofanya kuanzia hapa fanya kwenye nakala yake nyingine, tuiite mfano.

Habari ya kupata faili zima na kuliunganisha naiendeleza chini, acheni nivute pumzi.

#2 bado_najifunza

Nimeweka kambi hapa mkuu. Nina mgonjwa mezani, chipu ni MX25L6406E. Endelea.

#3 NjiaYaMkato

Fundi, heshima yako, lakini unazungusha sana. Mimi natafuta faili la bodi yenye namba ileile, naandika, mashine inawaka, mteja anaondoka. Hayo ya heksi ni ya wenye muda.

#4 pini_ya_kwanza

Mkuu @NjiaYaMkato inawaka, sikatai. Swali ni inawaka ikiwa ya nani.

Chipu ya bodi ya Intel imegawanywa vyumba. Chukua X220: mwanzo kabisa ni ramani, kuanzia 0x1000 hadi 0x2FFF ni chumba cha kadi ya mtandao wa waya, 0x3000 hadi 0x4FFFFF ni Management Engine ya Intel, kwa kifupi ME, yaani programu ya kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chipseti, na 0x500000 hadi mwisho ndiyo BIOS yenyewe. Chumba cha mtandao kina anwani ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha kadi hiyo kwenye mtandao. Ukiandika faili la mtu mzima mzima, mashine ya mteja wako inavaa MAC ya mashine nyingine. Ukiziandika mbili kwa faili hilohilo zikakutana kwenye mtandao mmoja, zitagombana na hakuna atakayejua chanzo. Namba ya usajili ya mashine na UUID, namba nyingine ya kuitambulisha, zinaondoka pia. Kwenye zilizokuja na Windows 8 kwenda mbele, ufunguo wa Windows umo humo humo.

Halafu ME. Ile ya mashine nyingine imeshajisanidi kwa bodi yake. Ukiihamisha hivyo hivyo unaweza kupata kuwaka kwa kusuasua, feni kukimbia bila sababu, au mashine kugoma kulala. Na ikiwa ME imeharibika au haipo, Intel nyingi za kuanzia kizazi cha kwanza cha Core i hujizima baada ya dakika 30. Mteja wako ameondoka kwenye dakika ya 10, mkuu.

Faili la kuazima nalikubali pale tu chipu asilia imekufa na haisomeki kabisa. Hata hapo unatakiwa kuweka ME safi, ambayo haijasanidiwa, na kurudisha MAC kwa kuisoma kwenye kibandiko cha mashine.

#5 NjiaYaMkato

Hilo la dakika 30 nimewahi kukutana nalo, nikabadilisha hadi mfumo wa umeme. Haya, endelea.

#6 MzeeWaMita

Nichangie kidogo kwenye kusomea juu ya bodi, maana hapo ndipo vijana wanalia.

Ukibana klipu, programa hailishi chipu peke yake. Mguu wa 8 umeungana na njia ya 3.3 ya bodi, kwa hiyo unajaribu kuamsha nusu ya mazabodi kwa umeme wa USB. Pima mguu wa 8 klipu ikiwa imebana. Ukikuta volti imeshuka hadi 2 na kitu, usiendelee kubonyeza kitufe cha kusoma ukitumaini bahati. Na usichomeke chaja ya laptopu "kuisaidia", hapo unagonganisha vyanzo viwili. Miguu ya 3 na 7 nayo ipime, inatakiwa iwe juu. Ikiwa chini, chipu inakataa kuandikwa au inasimama katikati. Waya wa klipu uwe mfupi, sentimita 20 ni nyingi tayari. Zile nyaya za kurefusha USB ziweke pembeni.

Ikigoma, ing'oe. Weka flaksi, zunguka na utepe wa Kapton kulinda plastiki na vidude vya jirani, hewa moto kwenye nyuzi 350 hivi na upepo mdogo. Usivute. Gusa chipu kwa ncha ya kibanio: ikicheza yenyewe kama kipande cha barafu juu ya maji, inua. Ikiwa bado ngumu na ukailazimisha, utaondoka nayo na vipande vya shaba chini yake, na hapo hadithi ya BIOS inakuwa hadithi ya kuunga nyaya nyembamba chini ya lenzi. Piga picha ya kitone kilikoelekea kabla ya kung'oa. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya upande.

#7 pini_ya_kwanza

Shikamoo mzee. Hapo umemaliza.

Naendelea na faili. Chanzo cha kwanza ni ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa laptopu, kwa namba ya mashine na siyo kwa jina la kutafutia. Linalopakuliwa huwa ni programu ya Windows. Nyingi zinafunguka kwa 7-Zip kama kifurushi cha kawaida, ndani utakuta faili la .fd, .rom, .bin au .cap. Usikimbilie kuliandika. Linganisha ukubwa.

Likilingana na chipu sawasawa, angalia kama lina ramani na ME ndani au nafasi hizo zimejazwa FF tu. Likizidi kidogo, mara nyingi lina kichwa cha kusafirishia juu yake: ASUS za .CAP, kwa mfano, hubeba baiti 2048 za mwanzo ambazo haziingii kwenye chipu. Likipungua, ni chumba cha BIOS peke yake, na hilo ndilo utakalokutana nalo zaidi. Hili haliandikwi kuanzia sifuri. Linaingizwa kwenye chumba chake ndani ya mfano wa nakala yako, vyumba vingine vikabaki vyako. Hapa ndipo ule msemo wangu wa mwanzo unapolipa.

Zana ya kupasua vyumba ni ifdtool:

`ifdtool -x mfano.bin`

Inakutolea kila chumba kwa faili lake. Kurudisha BIOS mpya:

`ifdtool -i bios:mpya.bin mfano.bin`

Utapata `mfano.bin.new`. Hilo ndilo la kuandika, kwa `-w` badala ya `-r`. flashrom inafuta, inaandika na kujisahihisha yenyewe, ikimaliza inasema VERIFIED. Isiposema hivyo, usichomeke chaja.

Kuhusu zile tovuti za mafundi zenye maelfu ya mafaili ya bodi: zinasaidia, ila lolote utakalopakua lipitishe kwenye vipimo vilevile vya nakala yako. Faili lililosomwa kwa klipu mbovu na mtu mwingine linafika kwako likiwa na jina zuri kabisa.

#8 bado_najifunza

Wakuu, nimesoma mara tatu, jina linakuja C2 20 17 vizuri, lakini sha256 zote tatu tofauti. Mguu wa 8 una volti 3.1.

#9 MzeeWaMita

3.1 siyo mbaya. Umetumia waya wa aina gani? Futa miguu ya chipu kwa spiriti, bodi nyingine zina varnishi ya kinga inayozuia klipu. Tumia tundu la USB la nyuma ya kompyuta, siyo la kigawanyo.

#10 mwana_linux

Mnapoendelea: kuna mtu ana laptopu inayowaka vizuri, ila BIOS haihifadhi mabadiliko yoyote na haitaki kuwaka kutoka USB. Hiyo nayo ni ya kuandika upya?

#11 pini_ya_kwanza

Muulize kwanza kama aliwahi kuweka Ubuntu 17.10. Desemba 2017 toleo hilo liliondolewa kwenye upakuaji kwa sababu dereva ya Intel ya chipu hizi za BIOS (huitwa chipu za SPI) ilikuwa imewashwa ndani ya kerneli, na laptopu kadhaa za Lenovo, Acer na nyingine zikaishia hivyo hivyo: zinawaka, hazihifadhi. Lilirudi Januari 2018 likiwa limesahihishwa. BIOS yenyewe haikuwa imefutika, chipu ilikuwa imefungwa isiandikike. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote atazame hali ya ulinzi wa chipu, flashrom za karibuni zina `--wp-status`. Ukiandika juu ya chipu iliyofungwa utapata makosa katikati na kuilaumu klipu.

#12 mpita_njia77

Na kutoa nenosiri la BIOS je? Nina laptopu imefungwa.

#13 pini_ya_kwanza

Hilo siyo la uzi huu. Kama ni yako na una risiti, mtengenezaji ana utaratibu. Na kwenye ThinkPad za zamani nenosiri limekaa kwenye chipu nyingine kabisa, kwa hiyo hata ukiandika BIOS upya halitoki.

#14 bado_najifunza

Mzee @MzeeWaMita ulikuwa sahihi, ilikuwa varnishi. Nimesafisha, sha256 zimefanana zote. Alama ya 5A A5 F0 0F ipo. UEFITool inafungua ila kwenye sehemu ya BIOS kuna onyo jekundu, juzuu moja (kimojawapo cha vipande vinavyoijenga BIOS) ina hitilafu. Nimepakua BIOS ya mtengenezaji, ndani ya kifurushi kuna faili la baiti 6291456. Ramani inasema BIOS inaanzia 0x200000. Liingie hapo?

#15 pini_ya_kwanza

Piga hesabu, usiniulize mimi. 0x200000 ni baiti 2097152. Jumlisha na 6291456.

#16 bado_najifunza

8388608. Kumbe linakaa sawasawa hadi mwisho wa chipu.

#17 pini_ya_kwanza

Umeona. Sasa subiri kabla ya kuandika. Linganisha chumba cha BIOS cha nakala yako na hili jipya kwenye UEFITool, mawili ubavu kwa ubavu. Kutakuwa na juzuu ambayo kwako imejaa vitu na kwenye la mtengenezaji ni tupu au karibu tupu. Hiyo ni NVRAM: mipangilio, na kwenye BIOS nyingi namba ya usajili na UUID zipo humo au jirani yake. Tafuta namba ya usajili iliyo kwenye kibandiko chako kwa kihariri cha heksi ndani ya nakala ya asili, uone imekaa mstari gani. Usipoipata kwa herufi za kawaida, jaribu ukiweka 00 kati ya kila herufi.

Kama onyo jekundu haliko kwenye juzuu hiyo, ihamishe kama ilivyo kwenda mstari uleule wa faili jipya. Kama hitilafu iko humo humo, andika kwanza na NVRAM tupu, mashine iwake, namba turudishe baadaye. NVRAM mbovu peke yake inatosha kabisa kuifanya mashine iwe giza.

Tahadhari kwa wengine wanaosoma: hii ya kuhamisha vipande ni kwa mashine za zamani. Kuanzia Haswell, 2013, Intel ilileta Boot Guard. Mtengenezaji akiwa ameiwasha, ukibadilisha sehemu ya BIOS iliyotiwa saini mashine haiwaki hata kama faili limeandikwa bila kosa.

#18 bado_najifunza

Hitilafu ilikuwa kwenye juzuu ya programu, siyo NVRAM. NVRAM ya zamani inafunguka safi, nimeipata na namba ya usajili kwa ile njia ya 00. Nimehamisha, nimeingiza kwa ifdtool, nimeandika. VERIFIED.

Nimechomeka chaja. Imewaka, ikajizima, ikawaka tena peke yake. Nikadhani ndiyo kwisha. Halafu nembo ikatokea!

#19 MzeeWaMita

Kujizima mara moja na kuwaka ni kawaida, RAM na ME vinajipanga upya. Ingekuwa inazunguka hivyo bila kukoma ndiyo tungeongea mengine.

#20 pini_ya_kwanza

Hongera sana. Ingia kwenye BIOS, pakia mipangilio ya kiwandani, weka tarehe na saa, hifadhi, zima, washa. Kama kabla diski ilikuwa kwenye AHCI (namna bodi inavyozungumza na diski) irudishe kwenye AHCI, la sivyo Windows itakuonyesha skrini ya bluu na utarudi hapa ukilia. Linganisha MAC na kibandiko. Usifunge skrubu bado: iache iwake zaidi ya dakika 30 ukiitumia, ilaze, iamshe, sikiliza feni ikipanda na kushuka.

#21 NjiaYaMkato

Swali la ukweli siyo la ubishi. Zile ambazo tayari nimewapa watu na MAC za wengine, zinarekebishika bila kufungua?

#22 pini_ya_kwanza

Mara nyingi itabidi ufungue mkuu, kwa sababu ramani ya chipu kwa kawaida inakataza mfumo wa uendeshaji kuandika chumba hicho. Soma chipu, nenda chumba cha mtandao, baiti sita za kwanza ndiyo MAC. Ukibadilisha, angalizo: baiti 128 za mwanzo za chumba hicho zina hesabu ya uhakiki, zikijumlishwa kwa maneno ya baiti mbili mbili lazima zitoe 0xBABA. Usiporekebisha na hiyo hesabu, kadi ya mtandao inaweza kugoma kabisa. Na chumba kina nakala mbili za data hiyo, ya pili inaanzia baiti 4096 mbele. Rekebisha zote mbili.

#23 bado_najifunza

Marejesho: saa nzima imewaka bila kuzima. MAC ni yangu, namba ya usajili ni yangu, Windows haijaniuliza ufunguo. Kasoro moja tu, nikichomoa chaja na betri saa inarudi miaka ya nyuma.

#24 MzeeWaMita

CR2032. Pima, ikiwa chini ya 2.8 weka mpya, ndipo ufunge skrubu.